Kiu Kwenye Udongo Wenye Unyevu

Nasema na wasikilizaji wa Kanazi, Kemondo, Muleba na vijiji vyote vya upande huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Leo nazungumzia chumvi kwenye udongo, na namna inavyouzuia mmea kunywa maji yaliyo miguuni pake. Najua swali litakaloulizwa kabla sijafika mbali: chumvi inatuhusu nini sisi? Bukoba hupata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, ziwa letu ni la maji baridi, na bahari iko mbali kabisa na hapa. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba vibanja vya Kanazi, mashamba yetu ya migomba, havina tatizo la udongo wa chumvi. Lakini kanuni inayomharibia mkulima wa mpunga kule Pemba ndiyo hiyohiyo inayounguza mche wa nyanya hapa kwetu mwenye shamba anaporundika mbolea kwenye shina. Asiyeijua kanuni hiyo atamwagilia pasipohitaji maji, na pengine atautibu udongo kwa dawa ya ugonjwa ambao haunao.

Tuanzie chini, kwenye ncha ya mzizi. Nyuma kidogo ya ncha ile laini huota vinyweleo vyembamba kuliko uzi wa buibui, vinavyojipenyeza katikati ya chembe za udongo, na humo ndimo sehemu kubwa ya maji huingilia. Hakuna kitu kinachoyasukuma maji kwa nguvu yaingie humo. Yanavutwa kutoka juu. Jani likifungua vitundu vyake ili lipate hewa ya kujitengenezea chakula, maji hutoka kama mvuke, na pengo linaloachwa huvuta mengine kutoka mzizini kupitia mirija ya shina. Udongo nao unayang'ang'ania maji yake. Siku mbili baada ya mvua kubwa huyashika kwa nguvu ndogo, kama theluthi moja ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Unapokauka, maji yanayobaki hushikwa kwa nguvu zaidi na zaidi, hadi ifike mara 15 ya kanieneo hiyo. Hapo mazao mengi hunyauka na hayainuki tena hata usiku ukiingia na umande ukianguka. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo kilimo chote kinapoishi.

Sasa ingiza chumvi. Utando wa seli ya mzizi unapitisha maji kwa urahisi lakini unazuia sehemu kubwa ya chumvi, na maji yakikuta utando wa namna hiyo huelekea upande wenye chumvi nyingi. Wataalamu huita mwendo huo osmosisi. Kwa kawaida ndani ya mzizi ndiko kwenye utomvu mzito wa sukari na madini, kwa hiyo maji huingia. Chumvi ikiongezeka nje, tofauti hiyo inapungua, na maji yanapata sababu ya kubaki udongoni. Mmea sasa una mivutano miwili ya kuishinda, ule wa ukavu na huu wa chumvi, na mivutano hiyo hujumlishwa. Maji ya bahari peke yake huvuta kwa nguvu inayofikia mara 25 hivi ya kanieneo ya hewa, na hiyo ndiyo sababu huwezi kumwagilia maharage kwa maji ya bahari hata ukiyamwaga kwa mapipa. Mmea utasimama ndani ya maji na utakufa kwa kiu.

Udongo haulazimiki kuwa mchungu kama bahari ndipo udhuru. Mwaka 1954 maabara ya udongo wa chumvi ya Riverside, jimboni California nchini Marekani, ilitoa kitabu cha mwongozo kilichoweka mpaka unaotumika hadi leo. Kipimo chake ni jinsi maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye udongo uliolowa kabisa yanavyopitisha umeme: yakifikia desisimensi 4 kwa mita, udongo unahesabiwa kuwa wa chumvi. Kwa nguvu ya mvutano, hiyo ni kama mara moja na nusu ya kanieneo ya hewa. Inaonekana ndogo ukiiweka pembeni ya 15, lakini kumbuka kwamba mzizi huchukua maji na kuacha chumvi nyingi nje. Maji ya udongoni yakipungua kwa nusu, chumvi ileile inabaki katika nusu ya maji, na mvutano wake unakuwa maradufu. Mkulima akishika konzi ya udongo huo anaona bado una unyevu, anajiridhisha na kuondoka. Mkono unahisi maji. Hauwezi kuhisi mmea unatumia nguvu kiasi gani kuyapata.

Mazao nayo hayalingani. Mwaka 1977 watafiti Maas na Hoffman walikusanya majaribio mengi na kuyaweka katika majedwali ambayo bado yanatumiwa duniani. Maharage huanza kupoteza mavuno kwenye kipimo cha 1 tu, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka huondoa karibu sehemu moja ya tano. Ukifika kwenye mpaka wa 4, umepoteza zaidi ya nusu ya maharage. Mahindi hapo yamepoteza kama robo. Shayiri bado haijaanza hata kuhisi, kwa sababu huvumilia hadi 8. Vitunguu na karoti ni dhaifu karibu sawa na maharage, na mgomba, ambao mizizi yake mingi iko juujuu, nao huhesabiwa miongoni mwa mimea isiyoipenda chumvi. Ukiangalia orodha hiyo kwa macho ya mtu wa Kanazi, unaona kwamba vyakula tunavyovitegemea, ndizi na maharage, viko upande wa wadhaifu. Tukipata chumvi hapa, hatuna mahali pa kukimbilia ndani ya mlo wetu wenyewe.

Atatokea mtu aseme: mmea ni kiumbe hai, hautakaa tu ukiangalia. Kweli haukai. Mizizi na majani hutengeneza sukari na viini vingine ili utomvu uwe mzito zaidi ya maji ya nje, na maji yaendelee kuingia. Ndivyo mimea mingi inavyookoka. Lakini kazi hiyo ina bei, na bei yake ni chakula ambacho kingejenga jani jipya au kujaza punje. Mtafiti Rana Munns wa Australia ameeleza vizuri kwamba madhara huja kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza huanza mara moja: majani machanga hukua polepole, mmea unadumaa, na shambani mwote hakuna jani lililoungua la kumwonya mwenye shamba. Awamu ya pili huja baada ya siku nyingi au wiki kadhaa, pale sodiamu na kloridi zinapojaa kwenye majani makuukuu hadi kingo zake zikauke na kuwa kahawia. Wakulima wengi huanza kushituka katika awamu ya pili, wakati hasara kubwa ilishaingia katika ile ya kwanza iliyopita kimyakimya. Hilo ndilo linalonifanya niliseme jambo hili redioni, kwa sababu jicho peke yake huchelewa.

Wenzetu wanaoishi na tatizo lenyewe wako wapi? Kule Pangani, mto umepungukiwa nguvu kwa matumizi ya juu, na maji ya bahari yanapanda ndani ya mto na kuwafikia wakulima wa kingoni. Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyopakana na mikoko ambako bamvu likizidi maji ya bahari huingia shambani. Nchini Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, pwani ya Batinah ilikuwa bustani ndefu ya mitende. Pampu za injini zilipochukua nafasi ya visima vya kuvutwa na ng'ombe, maji matamu ya chini ya ardhi yalivutwa kuliko yalivyojazwa na mvua, bahari ikasogea ndani ya ardhi, na mashamba yaliyo karibu na ufuko yakaachwa. Tena mtende ni mti unaovumilia chumvi kuliko karibu matunda yote tunayoyajua.

Kinachotutofautisha nao ni kwamba kwetu chumvi ina njia ya kutokea. Angalieni maziwa mawili. Katwe, upande wa magharibi wa Uganda, ni ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano na halina mto unaotoka. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki, na watu wamechimba chumvi pale kwa vizazi. Ziwa Viktoria humwaga maji yake kupitia Jinja yawe Mto Naili, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya maji yake ina chini ya gramu 100 za chumvi za kila aina. Shamba nalo liko hivyohivyo. Palipo na mvua inayozidi mahitaji ya mimea, ziada hupenya chini na kuondoka na chumvi. Pasipo na ziada, kila tone linaloletwa huacha mzigo wake palepale. Hesabu yake ni nyepesi: ukimwagilia hekta moja mita za ujazo 5,000 katika msimu kwa maji matamu kama ya ziwa letu, umeleta kilo mia kadhaa za chumvi. Ukitumia maji ya kisima yenye kipimo cha 1, ambayo mtu anayanywa bila kulalamika sana, umeleta zaidi ya tani 3. Kanazi, mvua za masika na za vuli zinaufuta mzigo huo. Ukielekea bara, ambako mvua hupungua hadi karibu nusu ya ile ya mwambaoni, ufutaji huo si wa kuutegemea kwa kiwango kilekile.

Na hapa nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Mvua hii inayotukinga na chumvi imetutoza kodi nyingine. Kwa miaka elfu na elfu imeosha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu pamoja na sodiamu, na kuacha udongo wenye tindikali. Ndiyo maana rweya, uwanda wa wazi nje ya vibanja, imebaki nyasi, ikifaa kwa njugu mawe za hapa na pale, wakati kibanja kilicho hatua chache tu kutoka hapo kinabeba mikungu mikubwa. Kibanja hakikushuka kutoka mbinguni kikiwa na rutuba. Wazee walikijenga kwa samadi ya ng'ombe, maganda ya jikoni na majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba. Kwenye udongo wenye tindikali kali, alumini huyeyuka na kuifubaza ncha ya mzizi. Mzizi unakuwa mfupi, mnene, bila vinyweleo vya kutosha, na jua la Julai likiwaka mmea unanyauka ilhali sentimita chache chini yake kuna maji. Mtu akiona hivyo anasema, udongo huu una chumvi. Dalili zimefanana: kiu kwenye udongo wenye unyevu. Lakini mmea wa kwenye chumvi umezuiwa kuyavuta maji uliyoyafikia, na wa kwenye tindikali umeshindwa hata kuyafikia.

Tiba zao zinapingana. Udongo wa chumvi huoshwa kwa maji mengi yenye mahali pa kutokea, na kama sodiamu imezidi hadi udongo ukafunga na kukataa maji, huwekwa jasi kwanza ndipo uoshwe. Udongo wenye tindikali ukiuosha unaupora kidogo uliobaki nacho; unahitaji chokaa ya kilimo, samadi na matandazo. Majivu ya jikoni, ambayo bibi zetu waliyamwaga kwenye migomba, yana potasiamu na yanapunguza tindikali, kwa hiyo kwa Kanazi yanafaa yakisambazwa kidogokidogo. Majivu hayohayo kwenye udongo wa magadi ni kuongeza tatizo. Ndiyo maana ushauri wa kilimo unaonakiliwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, siku hizi kwa simu, unanitia wasiwasi. Video ya mkulima wa nchi kavu akisisitiza kuosha udongo ni ya kweli kwake na ni hasara kwako.

Ipo hata hivyo chumvi inayopatikana Kanazi leo hii, nayo tunaileta kwa mikono yetu. Mbolea za viwandani karibu zote ni chumvi kwa maana ya kikemia, au hufanya kazi kama chumvi zikishayeyuka. Tangu mwaka 1943 zimekuwa zikipangwa kwa uwezo wake wa kuyavuta maji ya udongoni, zikilinganishwa na naitreti ya sodiamu iliyopewa 100. Kloridi ya potasiamu, ile MOP inayopendekezwa kwa migomba, iko juu yake, 116. Urea iko 75 hivi, DAP ni kama 30, na TSP ni 10 tu. Chukua kifuniko cha soda cha mbolea ya CAN, tuseme gramu 5, kiyeyuke kwenye maji ya udongoni yanayojaa kikombe kidogo cha chai. Maji hayo sasa yanavuta kwa nguvu inayozidi mara 10 ya kanieneo ya hewa. Mbegu iliyo ndani ya shimo hilo haiwezi kuvimba na kuota. Mche uliokwisha kuota unaanza kurudisha maji yake udongoni. Urea ina ubaya wa ziada, kwa sababu ikivunjika karibu na mzizi hutoa amonia inayounguza. Sambaza gramu zilezile kwenye duara lenye maji mara 10 zaidi, na mvutano unashuka hadi karibu 1, kiwango ambacho mche unakimudu. Kilichobadilika ni umbali na maji, mbolea ni ileile.

Wapo watakaosema basi mbolea ya dukani ni sumu, turudi kwenye samadi peke yake. Sikubaliani nao. Mgomba hula potasiamu nyingi mno, na kila mkungu unaopakiwa kwenye lori kwenda kuuzwa mbali huondoka na potasiamu ya kibanja. Zamani maganda yalirudi shambani. Sasa yanatupwa mjini. Samadi yenyewe imepungua kwa kuwa ng'ombe wamepungua. Na samadi si maji matupu: mavi ya kuku yakiwekwa mabichi kwenye bustani ya mboga yana chumvi ya kutosha kuunguza miche kama mbolea ya mfukoni. Kwa hiyo tutumie vyote viwili, ila tujue tunashika nini. Mbolea ya kupandia ifunikwe kwa udongo kabla ya mbegu kudondoshwa. Ya kukuzia iwekwe mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu, na kwa awamu badala ya mara moja. Mbolea ya kuku ioze kwanza. Matandazo yabaki, maana udongo uliofunikwa haukauki haraka, na udongo usiokauka hauifanyi chumvi kuwa kali.

Lipo pingamizi la uzito zaidi, na linatoka kwa watu walioumizwa. Watasema kunyauka kwa migomba na kahawa hapa kwetu hakukuletwa na chumvi wala tindikali, kumeletwa na magonjwa. Ni kweli, na nataka lisikike vizuri. Mnyauko wa migomba, unaoitwa pia unyanjano, uliripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba. Mnyauko wa kahawa aina ya robusta uliwahi kuonekana miaka ya 1990. Magonjwa hayo huharibu safari ya maji katika sehemu tofauti, ndani ya mirija yenyewe. Chumvi hufunga mlango wa mzizi, ugonjwa huziba njia. Kabla ya kuulaumu udongo, kata shina la mgomba unaonyauka, subiri dakika chache, uangalie. Ukiona usaha wa rangi ya manjano au maziwa mazito unatoka kwenye mkato, au ndizi za mkungu mmoja zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, huo ni unyanjano. Ng'oa au ua shina hilo, choma au safisha panga kwa dawa ya madoa, na usilitumie kwa mgomba mwingine kabla ya hapo. Kingo za majani makuukuu zikikauka baada ya kuweka mbolea, na mkato ni msafi, shuku chumvi ya mbolea, na maji mengi yatasaidia. Miche ikidumaa mwaka baada ya mwaka na mizizi yake ni mifupi minene, shuku tindikali.

Limebaki suala la umwagiliaji. Mvua za siku hizi zinabadilika, na kila kiangazi hoja ya kuvuta maji ya ziwa, ya Mto Kagera au ya Bonde la Ngono inarudi mezani. Naiunga mkono. Wapo wanaosema ikianza kuonekana chumvi tutapanda mbegu zinazovumilia, maana wataalamu wa mpunga wamekwisha kupata aina kama hizo. Mbegu hizo ni msaada kwa Pemba ambako bahari haiombwi ruhusa, lakini kuzitegemea mahali ambapo chumvi inaweza kuzuiwa ni kukubali hasara kabla haijaja. Tena hakuna mgomba wala harage la kuvumilia chumvi linalotusubiri dukani. Skimu nyingi duniani zilizoharibika zilijengwa na mifereji ya kuingizia maji, zikakosa ya kuyatoa. Maji yakijaa chini, hupanda juu kwa kufyonzwa na udongo, hukauka, na kuacha ukoko mweupe. Kwa hiyo viongozi wa vijiji na kamati za umwagiliaji za Bukoba, Muleba na Missenyi, mkiletewa ramani ya mradi, ulizeni kwanza mfereji wa kutolea maji uko wapi na nani atausafisha. Nanyi wenye vibanja, chukueni udongo kutoka sehemu kadhaa za shamba, uchanganyeni, mpelekeeni afisa ugani au waulizeni watafiti wa kilimo wa kituo cha Maruku namna ya kuupima, kabla hamjanunua mfuko wa chokaa, wa jasi au wa mbolea.